Ubao Uliopasuka Katika Dari ya Kasetoni

Mbukwenyi, vijana. Hiyo ndiyo salamu ya kwetu hapa Dodoma. Anayetaka kuijibu kwa shikamoo ajibu, nimeshaipokea, marahaba.

Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi alikuja kwangu Ipagala, akakaa, akanywa chai, akaniomba niwaandikie juu ya kazi yangu ya dari. Alizunguka sana kabla ya kuomba, nikajua anaogopa kuniuliza kama najua kuandika. Nimesoma mpaka darasa la nne. Darasa la nne la wakati wetu mtu alitoka anajua kuandika barua, na hii ni barua tu, ila ndefu. Mjukuu wangu Neema amenisaidia kuweka nukta na mikato. Maneno hajayagusa, nilimkataza.

Msisome mkiwa mmelala. Kaeni. Humu ndani yamo mambo ya kazi yatakayowafaa, na limo jambo moja nililolificha zaidi ya miaka arobaini. Nimelisema mbele za watu mwaka jana tu, kwa sababu nisingelisema, dari nzuri kuliko zote nilizopata kuziona hapa Dodoma ingeng'olewa ikawa kuni.

Dari hiyo iko kwenye ukumbi wa kanisa letu, kule mtaa wa Kikuyu. Aliyeijenga ni Fundi Ndahani, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Kila zuri nitakalolisema juu yake ni la Ndahani. Ilikuwa na kasoro moja tu, nayo nitawaambia ni ya nani.

Nyinyi wengi mmezaliwa chini ya silingibodi na jipsamu, kwa hiyo mnadhani dari ni kitu cha kuficha mabati. Hii haifichi kitu. Mihimili minene ya mninga inapita kutoka ukuta huu mpaka ule, mingine inaikata kwa upande wa pili, na kila inapokutana kila mmoja umechongwa nusu, ikaumana ikawa unene mmoja. Hapo unapata miraba. Ndani ya kila mraba, juu kabisa, kumewekwa ubao, kwa hiyo ule ubao unaonekana umezama. Yako masanduku arobaini na mawili, sita kwa saba, yamepinduliwa na midomo yake inakutazama. Dari ya namna hiyo karakana nzima tuliiita kasetoni.

Neema anasoma mambo ya majengo pale chuo kikuu, Chimwaga. Siku moja nilimpeleka akaione. Alivua viatu, akalala chali katikati ya ukumbi kama mtu aliyezimia.

"Bibi, hii inaitwaje?"

"Inuka kwanza, sakafu ina vumbi."

"Inaitwaje?"

"Kasetoni."

"Hilo ni neno la wapi?"

"La karakana."

Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojua. Ndahani naye alilipata kwa Bruda mmoja Mtaliano, mwashi wa misheni, aliyekuwa akisimamia majengo. Bruda hakujua Kiswahili cha kutosha kueleza anataka dari gani. Basi akaivuta droo ya meza ya Ndahani, akamwaga misumari yote chini, akaipindua ile droo akaishika juu ya kichwa chake kama kofia. "Kasetoni," akasema. Ndahani akamwambia, "Nimeelewa. Sasa okota misumari yangu." Hadithi hiyo Ndahani aliisimulia mpaka uzeeni, na kila mara misumari iliongezeka.

Jumapili iliyofuata Neema akaja na daftari. Shikamoo aliitoa akiwa bado mlangoni.

"Bibi, Bruda wenu alikuwa sahihi. Kwa lugha ya kwao kaseta ni sanduku au droo. Kasetoni ni sanduku kubwa."

"Hilo ningekwambia mimi. Aliivaa kichwani."

"Ngoja basi. Waingereza nao wanaiita kwa jina la sanduku, lile la kuwekea mali. Na hilo jina ukilifuata nyuma, nyuma kabisa mpaka kwa Wagiriki, lilikuwa kapu."

"Kapu la nini?"

"Kapu tu, Bibi. La kubebea vitu."

"Hapo sasa wameanza kusema la maana."

Akacheka, akafunua ukurasa. Warumi wa kale, akasema, hawakuita sanduku wala kapu. Neno lao lilitoka kwenye shimo, dimbwi, mahali maji yanaposimama. Nikataka kumwambia kwamba hao walikuwa wamelewa, maana nani anaona dimbwi juu ya kichwa chake. Kisha nikalikumbuka lambo la kijijini kwetu. Mvua zikikoma na maji yakikauka, linabaki shimo lenye kingo zilizonyooka na kivuli ndani yake. Ukilichukua lambo hilo ukaligeuza, una sanduku moja la ile dari. Yule mtu wa kwanza kuiita dimbwi, nina hakika alikuwa amelala chali sakafuni kama Neema.

Neema alisema pia kwamba watu wa mawe, wale waliojenga makuba makubwa, waliyachimba mashimo hayo kwenye jiwe ili jiwe lipungue uzito lisiwaangukie. Lakini kabla ya jiwe ilikuwa miti. Watu walipitanisha mihimili kwa sababu walihitaji kuezeka, nafasi zikabaki katikati, wakaziona, wakazipenda. Hilo nililikubali bila ubishi, kwa sababu nimelala chini ya nafasi hizo utoto wangu wote.

"Na sisi tuliziitaje?" akaniuliza.

Sisi tulikuwa na tembe. Nyinyi wa leo mnaiona kwenye picha tu. Nguzo, juu yake mihimili, juu yake fito zimelala upande mwingine, juu yake nyasi, halafu udongo. Ukitazama juu unaona miraba ya giza. Hatukuipa jina. Tulichomeka humo mundu, mbegu za uwele na za maboga zilizofungwa kwenye kitambaa, na fimbo ya baba. Tuliitumia kama sanduku bila kuiita sanduku. Wagiriki wamenishinda kwa jina tu.

Katika tembe hiyo mama alinifundisha kitu kimoja kilichonifuata mpaka juu ya jukwaa la ujenzi, ndiyo maana nakitaja. Dodoma ina upepo, mnaujua. Kiangazi kikiingia vumbi linapita popote. Paa la tembe likifanya ufa, udongo unadondoka kwenye ugali. Msichana aliyelelewa vizuri haachi ufa. Kila Jumamosi nilipanda juu ya kinu na bonge la udongo mbichi, nikatafuta kila mwanya, nikauziba kwa kidole gumba. Mama alikuwa akipita na taa ya koroboi akikagua. Kitu kinachocheza kilikazwa. Kitu kilichoachana kilizibwa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya nyumba.

Karakana ya Ndahani niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nikienda kuokota maranda ya kuwashia moto. Ndahani akaniona ninayatenga, ya mninga huku na ya mkongo kule.

"Nani kakwambia ni miti tofauti?"

"Harufu."

Akanipa ufagio. Baada ya ufagio msasa, baada ya msasa randa. Mafundi wengine walisema mengi. Mmoja, mtu mzima na ndevu zake, akaniuliza, "Mama, ukipanda juu ya jukwaa sisi wa chini tutazame wapi?" Nikamjibu, "Tazama ubao unaoukata, umeshaupindisha." Alikuwa ameupindisha kweli. Toka siku hiyo nilivaa suruali ndani ya khanga, na maneno yakapungua.

Ndahani hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri alisema, "Umefanya kazi." Basi. Watu walikaa mwaka mzima wakisubiri maneno hayo mawili. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mchimba visima, lakini alipokuwa anachonga kiungo cha mihimili, ulimi wa patasi ulikwenda taratibu kama mtu anayemnyoa mtoto. Viungo vya dari ile vyote ni vyake. Jaribuni kuingiza wembe. Hauingii.

Alinifundisha mambo ambayo sijayaona kwenye daftari la Neema. Kwanza, mbao. Mninga ulikuja kwa lori kutoka upande wa Manyoni, na yeye hakuugusa mpaka umekaa kivulini kiangazi kizima, umepangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ukilia kama mlango, bado. Ukilia kama chungu, tayari. Pili, katikati ya dari aliinua kidogo, kama unene wa kidole. Nilimwambia, "Fundi, pima maji inasema umepandisha." Akajibu, "Pima maji haitakuja kukaa hapa chini ikatazama juu." Dari iliyonyooka kabisa kwa pima maji, macho yanaiona imelegea. Leo mna ile taa nyekundu ya kupimia usawa, na naipenda, inaokoa muda mwingi. Lakini nayo haina macho ya mtu aliyekaa.

La tatu ndilo lenye kesi.

Ule ubao wa juu, uliozama ndani ya sanduku, haufungwi. Mhimili unachongwa mfereji pande zote nne, kingo za ubao zinaingia humo, na zinaachwa huru. Hakuna gundi, hakuna msumari. Ukiusukuma kwa kiganja unainuka kidogo, unagonga, unarudi. Ndahani aliniambia hivyo kwa mdomo wake, tena mara mbili, ili msije mkasema sikuambiwa.

Tulikuwa tumebakiza mstari wa mwisho, wakati wa mvua, mwezi wa pili, hewa ikiwa nzito. Ndahani akapata habari ya msiba wa kaka yake, kijijini kwao Mvumi. Akaniachia funguo za karakana na mstari ule. Ilikuwa mara ya kwanza kuachiwa kazi peke yangu.

Nikaweka ubao wa kwanza. Nikausukuma. Ukacheza: to, to, to. Nikauangalia. Kichwani nilimwona mama na koroboi yake. Nikajiuliza, wazee wa kanisa wakija na mwanzi wakausukuma, wakausikia unagonga kama jino bovu, si watasema mwanamke ameshindwa kukaza? Upepo wa kiangazi si utapitisha vumbi humu lote liwaangukie watu kwenye sahani? Nikachemsha gundi ya ngozi kwenye kopo, nikaipaka pande zote nne za mfereji, nikaingiza ubao, nikapigilia na misumari midogo ili gundi isiwe peke yake. Nikausukuma. Kimya. Nikajisifu moyoni kwamba nimemzidi fundi wangu.

Nikashuka kuwatambia waliokuwa chini. Nikatamba sana, na gundi nikaisahau jikoni ikaungua. Harufu yake ilifika mpaka sokoni. Kopo jingine hatukuwa nalo, kwa hiyo mbao zilizobaki niliziacha huru kama nilivyoagizwa, nikisema moyoni nitarudi kuzikaza. Ile gundi iliyoungua ndiyo iliyoiokoa dari. Uhodari wangu uliishia kwenye sanduku moja.

Ndahani aliporudi tulikuwa tumeshashusha jukwaa. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma, akatazama juu muda mrefu. Akasema, "Umefanya kazi."

Sikumwambia. Nyinyi mngemwambia?

Mwezi wa nane ukaja na upepo wake. Palikuwa na harusi ukumbini. Mchungaji yuko katikati ya kuwausia maharusi juu ya uvumilivu, huko juu kitu kikalia, kah, kama fimbo kavu ikivunjwa gotini. Mpambe wa bwana harusi aliingia chini ya meza ya keki, akakaa huko. Shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi akasema kwa sauti ya kusikika, "Hata dari imekataa." Watu wakacheka, mchungaji akaendelea. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona ni sanduku gani.

Jumatatu Ndahani aliweka ngazi akapanda. Aligusa ubao, akausukuma, haukucheza. Akapitisha kidole kwenye ufa, kikaingia. Akaona vichwa vya misumari yangu. Akashuka. Wazee wa kanisa walikuwa wamemsubiri chini.

"Nani kafanya hivi?" mmoja akauliza.

"Fundi wa dari hii ni mimi," Ndahani akasema.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika ngazi.

Ilikuwa imepangwa kwamba baada ya ukumbi atajenga dari ya kanisa lenyewe, juu ya madhabahu. Mbao zake alikuwa amezikausha viangazi viwili. Wazee wakampa mtu mwingine, aliyepiga hadibodi akaipaka rangi nyeupe. Mbao za Ndahani zikawa vitanda. Kuna watu mjini hapa wanalala juu ya dari ya madhabahu na hawajui.

Njiani kurudi karakana akaniuliza, "Kwa nini?"

"Ulikuwa unacheza."

"Ulitakiwa ucheze." Akatembea kidogo. "Mvua ubao unanenepa. Kiangazi unakonda. Ukiwa huru unakonda ndani ya mfereji wake, hakuna anayejua. Wewe umeushika pande zote umeuambia usikonde. Na hapa ni Dodoma."

Nikamuuliza, "Niende nikawaambie ni mimi?"

"Hilo usiniulize mimi."

Hakulitaja tena. Alinipeleka kuutazama ule ufa mara mbili kila mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa nane. Mwezi wa pili umefumba, hauoni hata mstari. Mwezi wa nane unaingiza kidole. Masanduku mengine yote arobaini na moja yalikuwa yanafanya hivyo hivyo, yananenepa na kukonda, lakini yalikuwa na pa kwendea. Toka hapo sijawahi kukaza ubao wa dari, na nimefanya dari nyingi: za nyumba za maofisa, za mabaraza, za makanisa ya vijijini. Hakuna uliopasuka.

Sasa sikilizeni sehemu mbaya. Ndahani alifariki. Watu wakaendelea kuuita ufa wa Ndahani. Watoto wa kwaya waliuonyesha kwa kidole. Siku moja ofisa mmoja aliyekuwa akijenga Ipagala alikuja kuniita, akasema, "Nimekuchagua wewe, mama. Yule mzee wako alikuwa mzuri, lakini si aliipasua ile dari ya ukumbi?" Nikanyamaza, nikachukua futi kamba, nikaenda kumpimia nyumba. Kazi ile niliipata kwa kinywa kilichofungwa. Ndahani alikuwa na binti, Mama Eliza, ndiye anayetunza funguo za ukumbi na kuufagia. Tulikuwa tukisalimiana vizuri. Hakuwahi kunikaribisha kwake.

Mwaka jana, mwezi wa nane, kamati ya ukumbi ikaita mkutano. Walikuwa wamemleta injinia kijana, mgeni katika mji, mwenye adabu, amevaa kofia ngumu ya njano hata ndani. Mimi waliniita kama mzee wa kazi, nibariki tu. Tulikuwa kama kumi na wawili, na Mama Eliza amesimama mlangoni na ufagio wake.

"Mbao zimechoka," injinia akasema, akauelekeza mwanzi kwenye sanduku langu. "Huu ufa ni dalili. Ukiona mmoja umefika hapo, nyingine zinafuata. Ushauri wangu tung'oe yote, tuweke jipsamu na taa za kuzama. Itapendeza, itakuwa ya kisasa."

Mwenyekiti, Mzee Lameck, akanigeukia. "Mama, wewe unasemaje? Si ndiyo dari ya mzee wako?"

Nilitazama juu. Mwanga wa dirishani ulikuwa unapita chini ya mihimili, na kila sanduku lilikuwa na kivuli chake, kimoja kimoja, arobaini na viwili. Nikafikiri juu ya lile kapu la Wagiriki. Nikafikiri kwamba hiki kitu kimesafiri kutoka kwa watu wa mbali namna hiyo mpaka mikononi mwa mwana wa Mvumi ambaye hakuwahi kupanda hata treni ya kwenda Dar es Salaam, naye akakifanya kikamilifu, na kesho kinabebwa kwenye toroli kwa sababu yangu.

"Leteni ngazi," nikasema.

"Mama, huwezi kupanda," akasema Mzee Lameck.

"Sipandi mimi. Anapanda yeye."

Injinia akapanda. Nikamwambia aweke kiganja kwenye ubao wa kwanza, asukume.

"Unacheza," akasema, kama mtu aliyepata ushahidi.

"Vizuri. Wa pili."

"Nao unacheza."

"Hamisha ngazi."

Akahamisha ngazi mara nyingi, jasho likamtoka, kofia akaivua mwenyewe. Kila ubao ulicheza. Wajumbe wakaanza kunong'ona kwamba basi kweli dari yote imeachia. Tukafika kwenye ule wenye ufa.

"Huu hauchezi," akasema.

"Angalia kingo. Unaona nini?"

Akasogeza uso. "Kuna misumari. Midogo. Na kama gundi."

"Kwenye nyingine umeona misumari?"

"Hapana."

"Zimepasuka?"

Akageuza kichwa, akazitazama tena mstari kwa mstari. "Hapana, mama. Hakuna hata moja."

Nikasimama. Magoti yangu hayapendi kusimama bila kushika kitu, nikashika ngazi, vile vile kama siku ile. Nikawaambia. Nikasema ubao ule haukuchoka, ulikazwa mwezi wa pili, wakati wa mvua, na mtu aliyeagizwa asiukaze, na mtu huyo ni mimi. Nikasema Ndahani alikuwa msibani. Nikasema alipoulizwa mimi nilikuwepo, nimesimama karibu kama nilivyo karibu na wao. Nikasema dari haina ugonjwa, ina ubao mmoja uliofungwa, na mbao arobaini na moja zilizo huru kama alivyoziacha.

Mzee Lameck akavua miwani. "Kwa hiyo miaka yote hii tumemsema marehemu bure?"

"Mmemsema bure. Na mimi nilikuwa nawasikia."

 Nikageuka mlangoni kwa Mama Eliza, maana yeye ndiye niliyepaswa kumwomba msamaha. Alikuwa ameegemea ufagio.

"Nilijua," akasema. "Baba alituambia mwaka ule ule. Akatukataza kusema. Alisema, msimsemee, atasema mwenyewe." Akapitisha ufagio mara moja sakafuni, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Ila umechelewa, dada. Umechelewa sana."

"Nimechelewa," nikasema. 

Kamati ikaamua dari ibaki. Injinia aliomba afanye yeye marekebisho, nami nikae chini kwenye kiti nimwelekeze. Alifungua sehemu ya urembo wa mhimili, akang'oa misumari yangu mmoja mmoja, akachomoa ule ubao vipande viwili. Ubao mpya wa mninga tuliuchukua kwenye kitanda kimoja cha Mama Eliza, kilichotokana na zile mbao za madhabahu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kitanda kivunjwe. Injinia alipouingiza mferejini akausukuma. To, to, to. Akatabasamu huko juu.

"Mama, haya mbona chuoni hatukufundishwa?"

"Sasa umefundishwa. Shuka."

Mama Eliza akamwambia auvike ubao wa zamani gunia, aupakie kwenye bajaji niliyokuja nayo. "Huo ni wake," akasema. Wiki iliyofuata alinikaribisha kwake, nikaenda. Tulikula mlenda. Hatukuzungumza juu ya dari.

Nyinyi vijana, mtafanya jipsamu, na mfanye vizuri, ndiyo kazi iliyopo. Lakini pitieni pale Kikuyu, mwombeni Mama Eliza funguo kwa adabu, mvue viatu, mlale chali. Mkitaka kuiita sanduku, kapu au dimbwi, iiteni. Mjue tu ni kazi ya nani.

Ule ubao uliopasuka niliupanga tena, vipande viwili ubavu kwa ubavu, nikauweka kwenye dari ya sebule yangu, ndani ya sanduku moja nililolitengeneza kwa ajili yake, juu kabisa ya meza ya kulia. Ufa unaonekana hata na mtu asiyevaa miwani. Siku tulipomaliza niliwaita wote wa nyumba yangu, wanangu, wakwe zangu, Neema na wajukuu wengine, nikawasimamisha chini yake. Nikawaambia: ubao huu hakuna kuutia gundi, hakuna kuutia rangi, na atakayepigilia msumari atalala nje. Mgeni akitazama juu akauliza nani aliupasua, Ndahani asitajwe. Mseme ni Bibi, na mseme kabla chai haijamiminwa.